Ni Nani Tumemfanya Mwongo?

Katika majuma yaliyofuata Sikukuu ya Pasaka tulisomewa kanisani sehemu ya Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya tano. Mtume anatukumbusha hapo kwamba kila siku tunawasadiki wanadamu wenzetu wanapotushuhudia jambo, na kwamba Mungu astahili kusadikiwa kuliko wao. Kisha anatamka neno zito: asiyeukubali ushuhuda ambao Mungu ametoa juu ya Mwanawe, huyo amemhesabu Mungu kuwa ni mwongo.

Baada ya Misa, kijana mmoja wa darasa la kipaimara alitungoja nje chini ya mwembe. Alitupa shikamoo, kisha akauliza: "Mwalimu, mtu asiyeamini hajasema neno lolote baya. Amenyamaza tu. Mimi nisipoamini kwamba kesho mvua itanyesha, nimemtukana nani? Mbona huyu anaambiwa amemfanya Mungu mwongo?"

Tulimjibu kama walimu wanavyojibu wakiwa hawana jibu: tulimwambia akasome tena sura ile, tutazungumza Jumapili ijayo. Tukaenda nyumbani tukaisoma sisi. Haya tunayoandika ndiyo jibu lake, na twadhani wako wengine katika makanisa yetu ya Korogwe na Handeni wenye swali hilo hilo, ila wanaona haya kuliuliza.

Tuanze na mvua. Mvua haikutuambia kitu. Mawingu yakijaa juu ya milima ya Usambara, kila mtu ana haki ya kuyatazama na kusema itanyesha au haitanyesha. Akikosea, hakuna aliyedhulumiwa. Ushuhuda ni jambo jingine. Ushuhuda una mtu nyuma yake. Mtu amesimama mbele yako akakwambia, "Nimeona, nami najua." Hapo hupimi jambo peke yake, unampima na yeye aliyelisema.

Tukijichunguza tutaona kwamba sehemu kubwa ya yale tunayoyajua tumeyapata kwa njia hiyo. Sisi tunasema tulizaliwa mwaka 1961. Tumejuaje? Cheti hatukuwa nacho. Mama yetu, ambaye hakujua kusoma, alituambia kwamba tulizaliwa wakati wa mvua za vuli, mwaka ule bendera ya Uhuru ilipopandishwa. Kwa neno lake tuliandikishwa shule, kwa neno lake tukaajiriwa, na kwa neno lake mwaka 2021 tukastaafu tukiwa na miaka 60. Serikali inatulipa pensheni kwa ushuhuda wa mwanamke mmoja wa Kizigua. Hali kadhalika mipaka ya mashamba yetu: mzee anaonyesha mti na kusema, "Huu aliupanda babu yako," nasi tunalima hadi hapo. Katika mahakama ya mwanzo shahidi huapa, hakimu humsikiliza, na mtu hufungwa au huachiwa huru kwa maneno yaliyotoka kinywani. Basi asiseme mtu kwamba yeye haamini ila alichokiona kwa macho yake. Mtu wa namna hiyo hata baba yake asingemjua.

Lakini ni nini hasa kinachotendeka tunapomkataa shahidi? Hapa hatuna budi kusimulia jambo ambalo si la kutusifu.

Mwaka 1987 tulikuwa tukifundisha katika shule moja ya msingi upande wa Handeni, miaka michache tu baada ya kutoka chuo cha ualimu. Shule ilikuwa na shamba la mahindi. Mavuno yaliuzwa, na fedha zikawekwa ofisini ndani ya mkebe, zikingoja kununua mabati ya darasa jipya. Asubuhi moja mkebe haukuwapo.

Binti mmoja wa darasa la tano alisimama akasema kwamba jioni iliyopita, alipokuwa akileta maji nyumba za walimu, alimwona mtu akitoka ofisini. Akamtaja. Mtu huyo alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, tena mzee wa kanisa, akikaa benchi la mbele kila Jumapili. Na binti je? Mama yake alikuwa mjane aliyepika pombe ya miwa ili watoto wapate kula.

Ndugu msomaji, hatukuchunguza. Hatukumuuliza alisimama wapi, wala kulikuwa na mwanga kiasi gani, wala mzee alikuwa amevaa nini. Tulimwambia mbele ya shule nzima kwamba ni mwongo, tukampiga fimbo nne. Miezi miwili baadaye mzee yule, akiwa taabani kwa homa, alimwita mwalimu mkuu akakiri mwenyewe, na sehemu ya fedha ikarudishwa kimya kimya. Binti hakuambiwa neno. Kabla ya mwaka kwisha mama yake alihama na watoto wake, nasi baadaye tukahamishiwa Korogwe.

Kwa miaka mingi tulijiambia kwamba hatukumsadiki kwa sababu ushahidi ulikuwa mdogo. Si kweli. Kama tatizo lingekuwa ushahidi mdogo, tungetafuta mwingine. Ukweli ni kwamba mzee yule alikuwa ametukopesha miti ya kujengea nyumba, na mara nyingi tulikula mezani kwake. Kumsadiki binti kungetugharimu. Kumkataa hakukutugharimu kitu. Gharama yote aliilipa yeye.

Tangu hapo tumejifunza kutofautisha hali tatu ambazo watu huzichanganya. Yuko mtu ambaye hajausikia ushuhuda. Huyo hawezi kuukataa, kama vile mwalimu aliyekuwa likizo siku ile hakumdhulumu binti yule. Yuko mtu aliyeusikia na anaupima: anauliza, anarudi tena, anasema, "Sijaelewa, nieleze." Huyo naye hajamfanya mtu mwongo, kwa kweli anamheshimu shahidi kuliko yule anayeitikia ndiyo bila kusikiliza. Laiti tungemwambia binti yule, "Keti mwanangu, tueleze tena," hata kama tungeshindwa kuamua, asingeondoka na jeraha. Wa tatu ni yule aliyesikia, akatambua kwamba akikubali itambidi abadilike, akaufunga mlango. Huyu anaweza kunyamaza asiseme neno baya lolote, lakini ukimya wake umekwisha kusema. Umemwambia shahidi: "Neno lako halitoshi kunifanya nisogee."

Twaona kwamba huyu wa tatu ndiye Yohana anayemsema. Na hapa ndipo mfano wa mvua unaposhindwa. Asiyeamini mvua hajamkataa mtu. Lakini Mungu, kwa imani yetu, hakutuachia mawingu tu tuyatazame. Amesema. Amesema juu ya Mwanawe, na alilolisema ni kwamba ametupa uzima, na uzima huo umo ndani ya Mwana. Mtume anataja mashahidi watatu, Roho na maji na damu, nasi katika Kanisa letu tunayajua maji katika kisima cha ubatizo na damu katika kikombe cha altare. Kila Misa ni Mungu anarudia ushuhuda wake. Haiwezekani kulikataa neno hilo bila kumgusa aliyelisema.

Wala kosa hili si la watu wa nje tu. Wa kwanza kulitenda walikuwa mitume wenyewe. Wanawake walirudi kutoka kaburini asubuhi ile wakiwa na habari kubwa kuliko zote, na Luka anasimulia bila kuficha kwamba mitume waliyaona maneno yao kuwa ni upuuzi. Waliwapima kwa hali yao, kama sisi tulivyompima mtoto wa mpika pombe. Marko naye aeleza kwamba Bwana alipowatokea aliwakemea, kwa kuwa hawakuwasadiki wale waliomwona. Lakini Tomaso aliyetaka kuona makovu alionyeshwa makovu. Bwana hakumfukuza muulizaji.

Hapa msomaji mwingine atasema: "Mwalimu, kama kukataa ni kosa, basi tumkubali kila anayesimama na kusema Mungu amemtuma?" La, hasha. Yohana huyo huyo, sura moja kabla ya ile tuliyosomewa, anatuonya tusiziamini roho zote bali tuzijaribu. Nasi watu wa Afrika Mashariki tumelipa gharama kubwa kwa kutozijaribu.

Tunakumbuka mwaka 2011, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alipotangaza katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwamba Mungu amemwonyesha katika ndoto dawa ya magonjwa sugu, UKIMWI na kisukari yakiwamo. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Watu walimiminika kutoka kila upande wa nchi na nchi jirani, misururu ya magari ikawa ya kilometa nyingi, na wako wagonjwa waliofariki wakingoja zamu. Mzee huyo alifariki mwaka 2021, nasi hatumhukumu moyo wake. Bei ile haikuwa ya mtu atafutaye utajiri. Twajiuliza juu yetu sisi tuliokimbilia. Wangapi waliuliza? Wangapi walirudi hospitali kupimwa kabla ya kuacha dawa zao?

Yako yaliyokuwa mabaya zaidi. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu nchini Uganda, mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya nyumba yao ya ibada, baada ya kufundishwa na viongozi waliodai kupewa ujumbe kutoka mbinguni juu ya mwisho wa dunia. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge kula ili wamwone Yesu, watoto wadogo wakiwamo. Haya yakitokea, vijana wetu wenye elimu husema, "Mnaona? Kila asemaye Mungu amesema ni mwongo." Twawaelewa. Lakini noti bandia haithibitishi kwamba hakuna noti ya halali. Yathibitisha tu kwamba iko noti yenye thamani, na kwamba yafaa kuinyanyua kwenye mwanga kabla ya kuipokea.

Basi tuinyanyue kwenye mwanga gani? Sisi twatumia maswali matatu, nayo twaliyapata kwa kumkumbuka binti yule.

La kwanza: shahidi huyu anaogopa kuulizwa? Shahidi wa kweli haogopi. Binti angejibu swali lolote kama tungeuliza. Aliyetaka maswali yasiwepo ni mzee mwenye mkebe. Mtu akikwambia kwamba kuuliza ni dhambi, shika njia urudi nyumbani.

La pili: nani analipa gharama? Manabii wa uongo huwatwisha wengine mzigo: wengine wafunge, wengine wauze mashamba, wengine wafe. Mungu alipotoa ushuhuda wake aliulipia mwenyewe, kwa damu ya Mwanawe. Lugha yetu imelificha jambo hili ndani ya neno moja, maana shahidi ni yule aliyeona na kusema, na tena shahidi ni yule aliyekufa kwa ajili ya imani. Tarehe 3 Juni 1886 vijana wa jumba la Kabaka Mwanga walichomwa moto Namugongo, Waanglikana na Wakatoliki pamoja. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Kampala, baada ya maaskofu wa Uganda kumwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na dhuluma.

Lakini tuwe wakweli. Kufa peke yake si uthibitisho, kwa maana hata wafuasi wa uongo wamekufa. Kifo cha shahidi chaonyesha tu kwamba hafanyi biashara. Ndiyo maana liko swali la tatu: neno lake linafanana na Mwana? Linaleta uzima? Mungu aliyempa kipofu kuona, akawalisha wenye njaa, akawakumbatia watoto, hawezi kugeuka awaambie wazazi wawanyime watoto chakula msituni. Ushuhuda wa Mungu haujipingi.

Liko jambo jingine ambalo kijana wetu hakuliuliza, lakini twajua liko moyoni mwake, maana mjomba wake ni Mwislamu na ndiye aliyemlipia ada ya sekondari. Katika wilaya zetu hizi za Handeni na Korogwe, nyumba nyingi zina watu wa dini zote mbili. Tunazikana, tunaozana, tunakula pamoja Idi na Krismasi. Waislamu nao maneno ya imani yao wanayaita shahada, yaani ushuhuda, nao wanamshuhudia Mungu mmoja. Juu ya Mwana hawashuhudii kama sisi. Je, tuwaendee tukawaambie kwamba wamemfanya Mungu mwongo? Sisi hatuoni kwamba tumepewa kazi hiyo. Hatufichi kwamba imani yetu na yao zinatofautiana, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini Yohana aliuandika waraka ule kwa watu wa Kanisa, ili wajipime wenyewe. Hakuwapa fimbo ya kumpigia jirani. Nani ajuaye kama jirani ameukataa ushuhuda wa Mungu? Huenda ameukataa ushuhuda wetu, baada ya kututazama kwa miaka mingi.

Hapo ndipo tunapotaka kufikia. Tunasimama kila Jumapili kusema Kanuni ya Imani. Midomo haikosei hata neno moja. Kisha mtoto akiugua, usiku tunakwenda kwa mganga kuuliza ni nani amemroga, na bibi kizee mmoja asiye na mtetezi anaanza kuogopwa kijijini. Tumekiri asubuhi kwamba uzima umo katika Mwana. Jioni tumemwambia Mungu kwamba neno lake halitoshi. Tunasema anasamehe dhambi, lakini ndugu aliyetukosea mwaka 1990 hatujamsalimu mpaka leo. Tunasema kila mtu ameumbwa kwa mfano wake, lakini tunamsikiliza mwenye gari kabla ya mwenye baiskeli. Hivi ndivyo mtu amfanyavyo Mungu mwongo bila kusema neno baya. Mpagani hawezi kuifanya kazi hii vizuri kama Mkristo wa benchi la mbele.

Miaka michache iliyopita tulikuwa stendi ya mabasi Korogwe tukingoja gari la Handeni. Mwanamke mmoja mwenye sinia la matunda alisimama mbele yetu akasema, "Shikamoo mwalimu." Tuliitikia marahaba bila kumtambua. Alipotaja shule na mwaka, tulimtambua, na miguu ilikosa nguvu. Tulimwomba msamaha pale pale, mbele ya abiria. Alicheka kidogo, kisha akasema, "Fimbo ziliisha siku ile ile, mwalimu. Ila tangu siku ile nikiona jambo, nanyamaza."

Tumelifikiri neno hilo kuliko mahubiri mengi tuliyoyasikia. Tulidhani tumeliadhibu kosa la mtoto, kumbe tulikuwa tumemzima shahidi. Ni mambo mangapi aliyoyaona katika miaka ile yote, ambayo kijiji kingefaidika kuyasikia? Alitusamehe, nasi twamshukuru Mungu. Lakini msamaha haukurudisha sauti iliyopotea.

Kijana wetu, basi, jibu letu ni hili. Wewe unayeuliza hujamtukana Mungu. Endelea kuuliza, na ukimwuliza Padre swali gumu, usiogope. Aliyesimama mbele yako si mvua. Ni Mungu aliyetoa neno lake na akalilipia, naye hataki uitikie kwa woga. Lakini siku utakapoona kwamba neno lake ni kweli, na ukaona pia kwamba litakugharimu marafiki au heshima au miti ya kujengea, siku hiyo usijidanganye, kama sisi tulivyojidanganya, kwamba unachongoja ni ushahidi zaidi.

Naye Mungu tofauti yake na wanadamu ni hii: sisi tulimpiga shahidi akanyamaza, lakini Yeye alipigwa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, na bado anasema. Jumapili ijayo tutamsikia tena. Tuende tukiwa tayari kumsadiki.